Bi Khadija (r.a.): Mama Aliyekumbukwa kwa Vitendo



Ramadhani ikiingia tunakumbuka vita vya Badr, tunaungojea usiku wa Laylatul Qadr. Ni vizuri. Lakini mwezi huu una kumbukumbu nyengine ambayo wengi wetu tunaipita tu. Katika mwaka wa 10 tangu Mtume (s.a.w.) apewe utume, yapata mwaka 619, alifariki Bi Khadija binti Khuwaylid (r.a.), na wanahistoria wengi wamesema ilikuwa ni katika Ramadhani.

Ukimuuliza mtoto wa madrasa Bi Khadija ni nani, atakujibu mbio mbio: mke wa kwanza wa Mtume, tajiri wa Makka, wa kwanza kuamini. Sawa kabisa. Leo hebu tumtazame kama mama mwenye nyumba, yule ambaye kila mtu wa ukoo alikimbilia kwake.

NYUMBA ILIYOJAA WATU

Bi Khadija alikuwa mjane aliyesimamia biashara yake mwenyewe. Aliwapa watu bidhaa wakaziuze Sham, kisha wakagawana faida. Mmoja wao alikuwa Muhammad bin Abdillah, kijana aliyesifika kwa uaminifu. Alirudi na faida nzuri, na mtumishi Maysara aliyefuatana naye akaeleza tabia aliyoiona njiani. Bi Khadija ndiye aliyepeleka ujumbe wa posa. Mtume alikuwa na miaka 25. Umri wa Bi Khadija kwa kauli mashuhuri ni miaka 40, na wako waliosema 28.

Sasa angalia ni nani waliokula katika nyumba ile. Alikuwako Hind, mtoto wa Bi Khadija wa ndoa ya kabla. Wakazaliwa Qasim na Abdullah, ambao wote walifariki wadogo, na mabinti wanne: Zaynab, Ruqayya, Ummu Kulthum na Fatima. Alikuwako Zayd bin Haritha, aliyeletwa Makka kama mtumwa. Bi Khadija alimpa Mtume kuwa zawadi, na Mtume akamwacha huru. Baba yake alipomfuata, Zayd alichagua kubaki. Akaja Ali bin Abi Talib, mwaka wa ukame, ili kumpunguzia Abu Talib mzigo wa watoto. Na alikuwako Ummu Ayman, Baraka, mwanamke wa Kihabeshi kutoka upande wetu huu wa Afrika, aliyemlea Mtume tangu utotoni.

Imepokewa pia kwamba Bi Halima, mama aliyemnyonyesha Mtume, alikuja kulalamikia ukame, na Bi Khadija akampa kondoo 40 na ngamia wa kupanda. Jee, ni wangapi kati yetu humfanyia hivyo jamaa wa mume?

USIKU WA HOFU, MIAKA YA NJAA

Mwaka 610 Mtume alirudi kutoka pango la Hira akitetemeka, akiomba afunikwe. Bi Khadija alimfunika kwanza. Hakumuuliza maswali mia. Hofu ilipotulia akamsikiliza, kisha akamwambia Mwenyezi Mungu hatamfedhehesha, na akampa ushahidi: unaunga ukoo, unabeba mizigo ya wanyonge, unamkirimu mgeni. Halafu akampeleka kwa binamu yake, Waraqa bin Nawfal, mzee mwenye elimu ya vitabu.

Baadaye Maquraysh wakawagomea Bani Hashim: wasiuziwe kitu, wasiozwe. Mambo yakaenda hivyo karibu miaka 3 katika bonde la Abu Talib, watoto wakilia kwa njaa. Bi Khadija, aliyezoea neema, naye alikuwa mle. Mpwa wake, Hakim bin Hizam, alipompelekea ngano, Abu Jahl alimzuia njiani mpaka ukazuka ugomvi.

Mgomo ulipovunjwa hakukaa sana. Alizikwa Hajun, pale Makka, na Mtume mwenyewe akateremka kaburini. Mwaka huo huo alifariki Abu Talib, ndiyo maana ukaitwa Mwaka wa Huzuni.

ALIVYOKUMBUKWA

Hapa ndipo pana somo letu, ndugu yangu. Mtume aliishi naye karibu miaka 25 bila kuoa mke mwengine. Baada ya kufa kwake, akichinja kondoo alikuwa akipeleka vipande kwa rafiki zake Bi Khadija. Hala, dada wa marehemu, alipobisha hodi Madina, Mtume alitambua sauti inayofanana na ya Bi Khadija, akabadilika. Bi Aisha (r.a.), ambaye hakumdiriki, amesimulia mwenyewe kwamba hakumwonea wivu mke yeyote kama alivyomwonea yeye, kwa namna alivyotajwa.

Na baada ya Badr, mwaka 624, Zaynab alipeleka fidia ya kumkomboa mumewe aliyetekwa. Ndani yake mlikuwa na mkufu aliovishwa na mama yake siku ya harusi. Mtume alipouona alilainika sana, akawaomba masahaba, wakikubali, wamwachilie mateka na wamrudishie Zaynab mkufu wake. Wakakubali.

NA WETU JE?

Kila ukoo una bikizee aliyelea wake na wa wenzake, ambaye futari yake haikukosa sahani ya jirani. Akifa, tunafanya khitma, tunakula pilau, basi. Wale mabibi waliokuwa wakikaa naye barazani hakuna tena anayewabishia hodi.

Ramadhani hii, kijana, muulize mama: bibi alikuwa na rafiki gani aliye hai? Jamaa gani alikuwa akimsaidia? Mpelekee kaimati, au kilo ya sukari, na umwambie ni kwa ajili ya bibi. Kisha mkalishe akueleze habari za marehemu, na uziandike, kwa sababu naye hatakaa milele. Na kama bibi yako yuko hai, bahati yako: anza na yeye, futari ya leo.

Mwenyezi Mungu amridhie Mama yetu Khadija, awarehemu bibi zetu waliotangulia, na atutakabalie funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.