Ufadhili wa Uzamivu Usiishie kwa Mwanafunzi

Tangazo la ufadhili wa uzamivu katika sayansi na uhandisi huanza na ada, posho ya kujikimu na nauli. Aghalabu halisemi nani atanunua vitendanishi, nani atatengeneza mashine ikiharibika, wala msimamizi atapata wapi muda. Naamini hapo ndipo tasnifu nyingi za Afrika Mashariki hukwama: tunamgharimia mwanafunzi, tunaisahau maabara.

Nairobi kuna mfano wa kinyume. Thomas Odhiambo alianzisha kituo cha icipe mwaka 1970 ili wadudu wa Afrika wachunguzwe na Waafrika, barani mwao. Mwaka 1983 kituo kikaanzisha mpango wa uzamivu uitwao ARPPIS. Mwanafunzi husajiliwa katika chuo kikuu, nacho ndicho kinachomtunuku shahada, ila utafiti wake huufanya icipe. Huko huingia katika mradi wenye fedha, wasimamizi na vyumba vya kufugia wadudu. Fikiria kilimo cha vuta-sukuma kinachochunguzwa huko, ambapo mmea wa desmodi hupandwa katikati ya mahindi ili kufukuza viwavi watoboa mashina na kuzuia gugu la kiduha, na matete pembeni kuwavuta. Swali dogo la kemia ya mizizi ya desmodi linahitaji mashamba, maabara na miaka ya takwimu zilizokusanywa na wengine. Posho peke yake haiwezi kuyanunua hayo.

Mfuko wa RSIF wa kufadhili uzamivu, ambao icipe imeusimamia tangu 2018, una jambo la kutia moyo: baadhi ya serikali za Afrika zimechangia fedha zake. Mwanafunzi husomea chuo cha Afrika, kisha hupelekwa kwenye taasisi mshirika ya kimataifa kwa muda wa miezi 6 hadi miaka 2. Ni utaratibu mzuri, nami nauunga mkono. Lakini akirudi mahali pasipo na mashine aliyoizoea hataweza hata kurudia vipimo vyake, na kidogo kidogo atachagua maswali yanayojibika ugenini tu.

Kuna tatizo jingine lisilotajwa kabisa. Wengi wanaosoma uzamivu katika vyuo vya umma ni wahadhiri wasaidizi, na darasa la mwaka wa kwanza haliwasubiri. Mfadhili asiyelipia mtu wa kufundisha badala yao amenunua nusu ya muda wao.

Nitaambiwa kuwa kugharimia yote haya kutapunguza nafasi. Ni kweli, na watakaoumia kwanza ni vijana wasio na njia nyingine. Hata hivyo, heri nafasi chache zinazozaa watafiti kuliko nyingi zinazozaa majina katika orodha ya waliosajiliwa. Tena fedha hazijakosa msingi wa kisheria: sheria ya Kenya ya 2013 inataka Mfuko wa Taifa wa Utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa, kiwango ambacho bajeti haijawahi kukikaribia. Bunge likianza kuitekeleza, hata kwa hatua, fungu la kwanza liende kwa mafundi wa maabara na vipuri, kabla ya kutangaza nafasi mpya.