Mwingiliano wa Masafa ya Redio: Unavyotokea na Unavyodhibitiwa Morogoro na Milima ya Uluguru

Mwingiliano wa masafa ni hali inayotokea pale mawimbi ya mtambo mmoja wa redio yanapoingia katika mawasiliano ya mtambo mwingine na kuyadhoofisha, kuyakatiza au kuyafunika kabisa. Msikilizaji huutambua kwa kusikia stesheni mbili kwa pamoja, au mkoromo unaofunika sauti ya mtangazaji. Mtumiaji wa simu huutambua kwa maongezi yanayokatika ilhali mnara hauko mbali. Kwa rubani aliye angani, mwingiliano huohuo unaweza kumzuia kusikia maelekezo ya mwongoza ndege. Kwa sababu hiyo, udhibiti wake ni suala la usalama wa watu kabla ya kuwa suala la ubora wa matangazo.

Mazingira ya Morogoro yanaonesha vema jinsi jambo hili lilivyo. Mji wa Morogoro uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, chini ya Milima ya Uluguru ambayo kilele chake kirefu zaidi, Kimhandu, kinazidi mita 2,600. Kilele cha Bondwa, chenye zaidi ya mita 2,000, kimebeba minara ya mawasiliano inayotegemewa na wakazi wa mji na vijiji vya mbali.

Mlima unaozuia na kusambaza mawimbi

Mawimbi ya redio ya FM, televisheni na simu za mkononi husafiri karibu sawa na mstari ulionyooka. Kadiri antena inavyowekwa juu, ndivyo upeo wake unavyopanuka. Kwa hesabu inayotumiwa na wahandisi wa redio, antena iliyo mita 2,000 juu ya eneo tambarare huwa na upeo wa takriban kilomita 180. Umbali wa moja kwa moja kati ya Morogoro na Dar es Salaam haufiki kilomita 200, na kati yake hakuna safu nyingine ya milima mirefu. Hivyo, mtambo wenye nguvu kubwa ukiwekwa kileleni unaweza kusikika hadi mwambao wa Pwani, na masafa yake hayawezi kugawiwa kana kwamba ni ya mji mmoja peke yake.

Milima hiyohiyo pia huzuia mawimbi. Kijiji kilicho ndani ya bonde la Mgeta, upande wa magharibi, au nyuma ya migongo ya Kinole na Matombo, upande wa mashariki, kinaweza kuwa karibu na mnara na bado kikapata mawimbi hafifu. Mawimbi ya masafa ya chini hupinda kidogo na kuvuka kingo za milima. Yale ya masafa ya juu, yakiwemo mengi ya intaneti ya simu, hupinda kwa shida zaidi. Hii ndiyo sababu kijiji kinaweza kupokea redio ya FM vizuri huku simu zikisumbua.

Hali hizi mbili zikikutana, ugumu huongezeka. Mahali ambapo mawimbi ya stesheni ya jirani yamezuiwa na mlima, hata mawimbi dhaifu kutoka mbali yanaweza kushindana nayo. Viwango vya kimataifa vinataka mawimbi ya stesheni ya FM ya stereo yazidi mawimbi ya stesheni nyingine yenye masafa yaleyale kwa desibeli 45 pale mwingiliano unapokuwa wa kudumu. Kwa lugha nyepesi, nguvu inayopokelewa kutoka stesheni inayotakiwa inapaswa kuwa mara zaidi ya 30,000 ya ile isiyotakiwa.

Njia ambazo mwingiliano hutokea

Njia ya kwanza ni mitambo miwili kutumia masafa yaleyale katika maeneo yasiyotengana vya kutosha. Ya pili ni masafa kupangwa karibu mno, kiasi kwamba sehemu ya mawimbi ya mtambo mmoja humwagikia katika nafasi ya mwenzake. Ya tatu ni mtambo wenyewe kuwa na hitilafu au kukosa vichujio, ukatoa mawimbi nje ya masafa uliyopangiwa. Mtambo unaotangaza katika megahezi 90, kwa mfano, unaweza kutoa mawimbi mengine katika megahezi 180 endapo haukutunzwa ipasavyo.

Njia ya nne hujitokeza zaidi kwenye vilele vyenye mitambo mingi. Mawimbi ya mitambo miwili yanaweza kuchanganyika ndani ya transmita, au hata kwenye kiungio cha chuma chenye kutu, na kuzalisha masafa mapya ambayo hakuna aliyeyakusudia. Tuchukue mitambo miwili ya kufikirika, mmoja wa megahezi 104 na mwingine wa megahezi 98. Mara mbili ya 104 ukitoa 98 ni 110. Matangazo ya FM yametengewa megahezi 87.5 hadi 108, lakini zao hilo la 110 linaangukia katika masafa yanayotumiwa na vifaa vya kuongozea ndege.

Hapa pana jambo linalohitaji uamuzi wa busara. Sehemu kubwa ya misitu ya Uluguru ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, na ni chanzo cha maji ya Mto Ruvu unaotegemewa na Dar es Salaam. Watoa huduma kuchangia mnara mmoja hupunguza ukataji wa miti, barabara mpya na gharama. Hata hivyo, kadiri mitambo inavyosogezwa pamoja ndivyo uwezekano wa mawimbi kuchanganyika unavyoongezeka. Kuchangia minara kunafaa pale tu panapoambatana na vichujio bora, mpangilio sahihi wa antena na ukaguzi wa mara kwa mara.

Anga na reli

Juu ya megahezi 108 hadi karibu 118 yapo masafa ya vifaa vya kuongozea ndege, na kuanzia hapo hadi 137 ni maongezi kati ya marubani na waongoza ndege. Masafa ya megahezi 121.5 ni ya dharura duniani kote. Ndege iliyo mita 10,000 angani ina upeo wa redio wa takriban kilomita 400, na hivyo hupokea mawimbi ya mitambo mingi ambayo mtu aliye ardhini hawezi kuyasikia. Hitilafu ya transmita moja mlimani, isiyosikika na yeyote mjini Morogoro, inaweza kusikika ndani ya chumba cha rubani.

Usafiri wa reli nao unategemea redio. Treni za umeme za reli ya kisasa ya SGR zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Mawasiliano kati ya treni na kituo cha udhibiti hayana budi kulindwa, kama yanavyolindwa ya ndege, ya vyombo vya majini na ya vikosi vya uokoaji.

Usimamizi kisheria

Katika ngazi ya dunia, masafa huratibiwa na Shirika la Mawasiliano Duniani (ITU), lililoasisiwa mwaka 1865 na lenye makao makuu Geneva, Uswisi. Mpango wa masafa ya FM kwa nchi za Afrika na Ulaya uliwekwa katika mkutano wa Geneva wa mwaka 1984.

Nchini, jukumu hilo ni la Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 2003 na kuanza kazi Novemba 1, 2003. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inaweka utaratibu wa utoaji wa leseni na matumizi ya masafa. Leseni ya masafa huainisha masharti ya kiufundi, yakiwemo masafa yenyewe, mahali pa mtambo na kiwango cha nguvu kinachoruhusiwa. Kuongeza nguvu au kuinua antena bila kibali hubadilisha hesabu nzima iliyowalinda watumiaji wengine.

Malalamiko yanapopokelewa, wataalamu hupima mawimbi kwa mitambo ya kudumu na magari maalumu. Antena za kutafuta mwelekeo huonesha upande yanakotoka. Vipimo vya sehemu mbili au tatu vikikutanishwa kwenye ramani, chanzo hubainika. Milimani kazi hii ni ngumu zaidi, kwa kuwa mawimbi hugonga kuta za miamba na kurudi, yakaonekana kutoka upande usio wao. Hivyo vipimo hurudiwa katika sehemu mbalimbali kabla ya kutoa uamuzi.

Nafasi ya mwananchi

Si kila mwingiliano unatoka mlimani. Taa na chaja zisizo na ubora, mashine za kuchomelea vyuma na nyaya za umeme zilizolegea huweza kusababisha mkoromo. Msikilizaji anashauriwa kuzima vifaa vya nyumbani kimoja baada ya kingine. Mkoromo ukikoma, chanzo kimepatikana. Kwa watumiaji wa Wi-Fi ya gigahezi 2.4 katika maeneo yenye msongamano, kuchagua chaneli ya 1, 6 au 11 hupunguza kugongana na majirani.

Tahadhari kubwa zaidi inahusu vikuza mawimbi vya simu, maarufu kama busta, ambavyo baadhi ya watu hufunga mahali penye mtandao hafifu. Mnara wa simu hufanya kazi mbili: hutuma mawimbi na husikiliza simu za mkononi zenye nguvu ndogo sana. Busta isiyoidhinishwa hupiga kelele katika masafa ambayo mnara unasikilizia. Aliyeifunga huona mtandao umeimarika nyumbani kwake, wakati simu za majirani zinakatika, ikiwemo ya yule anayetafuta gari la kumpeleka mgonjwa hospitali. Njia sahihi ni kumweleza mtoa huduma ili aboreshe mtandao. Kwa maeneo ya vijijini yasiyo na mvuto wa kibiashara, upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, unaogharimia upelekaji wa huduma. Vifaa vyote vya redio vinunuliwe vikiwa vimeidhinishwa na TCRA.

Mwananchi anayekumbana na tatizo la huduma huanza kwa kuwasilisha malalamiko kwa mtoa huduma wake. Asiporidhika, huyafikisha TCRA. Taarifa inayosaidia zaidi hutaja stesheni au masafa yaliyoathirika, mahali hasa, siku na saa, muda tatizo lilivyodumu, na kama majirani nao wameliona. Maelezo hayo huwawezesha wapimaji kufika wakati chanzo kikiwa bado hewani, kwani mtambo uliozimwa hauwezi kutafutwa kwa antena.