Thamani ya Kete

Mahali penye forodha pana kungoja, na mahali penye kungoja hapakosi mchezo. Katika Tunduma, mji wa mpakani ambapo barabara itokayo Dar es Salaam huingia Nakonde na kuendelea hata kwenye migodi ya shaba ya Zambia, madereva wa malori hukaa kivulini wakingoja karatasi zao, na mbele yao huwekwa ubao wa drafti uliochorwa miraba 64. Kete zao ni vizibo vya soda. Mmoja hulaza vyake kifudifudi, mwenziwe hulaza vyake chali, na tofauti ya majeshi mawili imekwisha. Kizibo hakina sura wala cheo, wala hakikuzaliwa na nguvu kuliko ndugu yake. Lakini kikiufikia mstari wa mwisho wa adui hubebeshwa kizibo kingine mgongoni, nacho huitwa kingi. Tangu hapo hukata ubao mzima kwa mshazari, kikienda mbele na kurudi nyuma kama apendavyo mwenyewe.

Basi nguvu ya kete yatoka wapi? Je, imo ndani yake, kama uzito ulivyomo ndani ya jiwe, au imo mahali kete ilipofika? Swali hili laweza kudhaniwa kuwa ni la watu wasio na kazi. Hata hivyo lilipata kuulizwa na majemadari, tena kwa makini makubwa, na jibu walilolichagua lilipita katika nchi hii ya Tunduma mwaka 1918, juu ya vichwa na mabega ya watu.

Jibu la kale zaidi katika Afrika ya Mashariki ni la bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, nusu kwa kila mchezaji, na kete zote ni sawa. Mchezo ukianza, kila mmoja hutia kete 6 katika shimo liitwalo nyumba na 2 katika kila moja ya mashimo mawili ya kuumeni kwake; 22 zilizobaki huwekwa akiba, ziingizwe moja moja wakati wa kunamua. Hakuna awezaye kuokota kete moja akasema hii ni hodari kuliko ile. Kete ya nyumba ina heshima kwa sababu imo nyumbani, na nyumba yenyewe hupoteza heshima yake kete zikipungua 6. Kete ya kichwa au ya kimbi huongoza njia ya kupanda kwa sababu ipo pembeni. Ihamishe shimo moja tu, nayo yawa kete kama nyingine. Tena liko jambo ambalo mgeni aliyezoea sataranji hulistaajabia: kete iliyoliwa haifi. Huchukuliwa ikapandwa upande wa aliyeila, nayo humtumikia bwana mpya kwa nguvu ile ile. Hesabu ya ubao hubaki 64, na mchezaji hushindwa mstari wake wa mbele ukiwa mtupu, hata kama mashimo yake ya nyuma yamejaa tele. Wafanya biashara na wasafiri waliueneza mchezo huu mbali na pwani, hata Malawi ukaitwa bawo, jirani kabisa na nchi za Ileje na Songwe.

Jibu la pili lilitungwa katika Ujerumani ya Kaskazini, kwa Waprusia. Mwaka 1812 bwana mmoja, von Reisswitz, alimwonyesha mfalme wake meza ya kuchezea vita. Mwanawe, luteni wa mizinga, aliutengeneza upya mchezo huo na kutoa kanuni zake mwaka 1824. Mahali pa miraba palitandazwa ramani ya nchi ya kweli, iliyopimwa moja kwa elfu nane. Majeshi yalikuwa vipande vidogo vya madini, vyekundu na vya buluu. Kila zamu ilihesabiwa kuwa ni dakika mbili za vita. Mchezaji aliandika amri zake, akampa mwamuzi. Mwamuzi alirusha dadu, akatazama majedwali, akasema ni wangapi walioanguka. Katika majedwali hayo ndipo ulipokuwa moyo wa mchezo, kwani kila kipande, kiwe cha askari wa miguu, cha wapanda farasi au cha mizinga, kilipewa kipimo chake: mwendo wake, madhara kinayoweza kutoa kwa umbali fulani, na hasara kinayoweza kustahimili kabla hakijaondolewa ubaoni. Nguvu imetiwa ndani ya kete, ikaandikwa kwa tarakimu. Jenerali von Müffling, mkuu wa maofisa wa makao makuu, aliuona akaukubali kuwa ni mafunzo ya vita wala si mchezo, akalipendekeza jeshi zima liutumie. Yule luteni hakufaidi sifa hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 1827 alijiua.

Kazi ya kupima haikukoma hapo. Mwaka 1876 von Verdy du Vernois aliona kuwa majedwali yamekuwa mzigo, akamwachia mwamuzi mzoefu aamue kwa akili yake. Huko Uingereza Fred T. Jane alitoa mwaka 1898 kitabu cha manowari zote za dunia, kilichokwenda sambamba na mchezo wake wa vita vya baharini. Mizinga na mabamba ya chuma ya kila meli vilipewa daraja kwa herufi. H. G. Wells, mtunzi wa hadithi, alitoa mwaka 1913 kanuni za kupiganisha vinyago vya askari sakafuni: wa miguu huenda futi moja, mpanda farasi futi mbili, na mzinga haupigi ila pawe na watu wanne karibu nao. Baadaye, mwaka 1974, Wamarekani walitoa mchezo ambao ndani yake mtu mmoja mmoja hupimwa nguvu, akili, hekima na mengineyo kwa kurusha dadu tatu, apate namba baina ya 3 na 18. Siku hizi wachezao na vinyago vya mezani hununua majeshi yao kwa pointi, kila kinyago kwa bei yake, nao huweza kubishana usiku kucha kama bei hiyo ni ya haki. Mabishano hayo si ya kuchekwa. Katika kupima, aliyesahauliwa na jedwali hayumo vitani kabisa.

Hapo ndipo inapoingia habari ya Tunduma. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890 yalipitisha mpaka katika nchi ya Wanyamwanga, ndugu wakawa huku na huku. Vita vya 1914 vilipozuka, mstari huo ukawa uwanja wa vita. Maofisa wa Kijerumani wa zama hizo walikulia katika jeshi lililoufanya mchezo wa Reisswitz kuwa sehemu ya elimu yake, na Paul von Lettow-Vorbeck, aliyewaongoza katika Afrika ya Mashariki, alikuwa amepata kutumikia makao makuu ya jeshi lao. Walijua kupima kombania ya askari na bunduki ya mtombo. Lakini ramani za Ulaya zilikuwa na farasi, magari na reli. Huku mbung'o waliwaua farasi na punda, na reli ilikuwa mbali mamia ya kilometa. Chakula na risasi vilikwenda juu ya kichwa cha mtu, na mtu huyo hakuwa na kipande chake katika mchezo.

Yafaa msomaji afanye hesabu yake mwenyewe. Tuseme mpagazi abeba kilo 25 za unga, naye hula kilo moja kwa siku. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, amekula kilo 20. Amefikisha kilo 5. Ili askari 100 wapate kilo moja moja ya siku hiyo, wapagazi 20 wametumia siku 20 njiani. Ili askari hao wale kila siku, hapana budi wapagazi 400 wawe njiani daima, na hapo haijatajwa risasi hata moja, wala mgonjwa wa kubebwa kwa machela. Jedwali litaandika: kombania moja. Anayejua bao ataona kwamba mstari wa mbele hauna uhai ila kwa zile zinazozunguka nyuma.

Wajerumani waliikwepa sehemu ya hesabu hii kwa kula vya wenyeji, yaani waliwapokonya wakulima chakula chao, na njaa ikabaki nyuma yao. Waingereza waliilipa kwa watu. Kwa hesabu za upande wao, wapagazi waliokufa katika vita hivyo hukadiriwa kuwa 95,000, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi.

Mwezi Oktoba 1918 Lettow-Vorbeck, akitoka Msumbiji kwa njia ya Ruvuma na Ubena, alielekea magharibi. Homa kali ya mafua ya mwaka huo ilikuwa imekwisha ingia katika msafara wake. Mwanzoni mwa Novemba alikishambulia kituo cha Waingereza cha Fife, ng'ambo ya mpaka, si mbali na palipo Nakonde leo. Ngome ilikuwa imara. Akaiacha, akashika njia ya Kasama. Tarehe 13 Novemba, siku mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya, habari za amani zilimkuta karibu na mto Chambeshi. Tarehe 25 alisalimisha silaha huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala: Wazungu 155, askari zaidi ya 1,100, na wapagazi waliowazidi askari hao kwa wingi.

Katika vita hivyo kanuni ya bao ilidhihirika kwa namna nyingine pia. Askari wa Kijerumani waliotekwa hawakuwa wamekufa kwa mchezo. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha sita cha King's African Rifles, na wengi wa waliotiwa humo walikuwa askari wa adui wa jana. Mpagazi naye alibadilishwa mikono mara nyingi zaidi, pasipo kuandikwa.

Ukumbusho ulipojengwa, vipimo vya zamani vilirudi. Sanamu ya Dar es Salaam iliyozinduliwa mwaka 1927 ni ya askari mmoja mwenye bunduki. Wale wa mizigo walipata jina la mtaa na soko, Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, na wengi wanunuao viazi pale hawajui kuwa wamesimama juu ya kambi. Nairobi walifanya uungwana kidogo: kati ya sanamu tatu za huko, moja ni ya mpagazi.

Mwaka 1964 bunge la Ujerumani ya Magharibi liliamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa wangali hai. Husimuliwa kwamba wazee walifika Mwanza kudai haki yao, wachache wakiwa na vyeti, wengine wakiwa na vipande vya sare tu, na wengi mikono mitupu. Afisa wa benki aliyekuja na fedha alikosa jinsi ya kuwatambua, hata akamkabidhi kila mzee fagio, akampigia amri za gwaride kwa Kijerumani. Yasemekana hapana hata mmoja aliyekosea. Hivyo askari alipimwa tena baada ya miaka 46, akaonekana ana thamani yake. Mpagazi hakupata kufundishwa amri yoyote ambayo angeweza kuionyesha kwa fagio.