Mchezo wa Sinia na Gwata Ndaĩ

Wasee wa Nyeri, baridi ya Julai mnaijua. Mkijifungia ndani, jaribuni hii: weka vitu ishirini hivi kwa sinia, funguo, kijiko, chaja, kifuniko cha soda. Watu wavitazame dakika moja, kisha funika na kitambaa. Kila mtu aandike anavyokumbuka. (Simu zenu pia ziingie kwa sinia, hapo ndipo utamu uko.)

Sasa skizeni ulikotoka. Katika Kim, riwaya ya Rudyard Kipling ya 1901, kijana anafunzwa kukumbuka vito hivyo hivyo ndani ya duka huko Simla, India, ili awe jasusi wa Waingereza. Baden-Powell akauchukua, akautia kwa kitabu chake cha maskauti cha 1908. Mzee huyo alihamia hapa Nyeri 1938, kwa kale kanyumba ka Paxtu pale Outspan, akafa Januari 1941. Kaburi lake liko tao, na maskauti hutoka ng'ambo kuliona.

Kinachoniuma ni kwamba mchezo wa majasusi una kitabu na wageni. Gwata ndaĩ, vitendawili vilivyochezwa jioni kando ya moto kwa nyumba za kina shosho, havina hata kibao. Na vilinoa akili vilevile, bila kumtumikia mkoloni!

Mimi nacheza yote mawili. Lakini ya sinia haipotei, iko kitabuni. Ndaĩ nyingi ziko kwa kichwa cha shosho. Mpigie Jumapili akutegee tatu, na umrekodi.