Dishi linapopoteza mawimbi: Chunguza haya kabla ya kumwita fundi

MVUA ya alasiri si jambo geni Bungoma wala Kitale, na huandamana na lalama ile ile: picha imeganda, ikakatika vipande vipande, kisha kioo kikabaki na ujumbe kwamba hakuna mawimbi. Katika soko kama la Myanga, mara nyingi fundi hutoka mjini, naye sharti alipwe nauli na ujira hata kasoro ikiwa ni waya uliolegea nyuma ya king'amuzi. Kwa jamaa inayolipia runinga kila mwezi, gharama hiyo ya pili huuma zaidi.

Kwanza, fahamu unachotumia. Tangu Kenya izime matangazo ya analojia mnamo 2015, wengi huchanganya antena na dishi. Antena, kama ile ya GOtv, hunasa mawimbi ya mnara uliosimama ardhini. Dishi hunasa ya setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ushauri wa chombo kimoja haufai kingine.

Pili, soma ujumbe ulio kwenye kioo. Kwa watumiaji wa DStv, E48-32 humaanisha kwamba king'amuzi hakipati mawimbi. E16 ni jambo jingine kabisa: mawimbi yanafika, ila akaunti au kadi haijaidhinishwa. Kupanda juu ya paa kwa sababu ya E16 ni kujisumbua bure. Ikiwa umeshalipa, acha king'amuzi kikiwa kimewashwa, kwa kuwa idhini yenyewe hupitia setilaiti na haiwezi kukifikia kikiwa kimezimwa.

Myanga, iliyo kando ya reli iendayo Malaba, haifiki hata digrii moja kaskazini mwa ikweta, na iko kati ya longitudo 34 na 35 mashariki. Setilaiti inayotumiwa na DStv katika eneo hili iko digrii 36 mashariki, yaani karibu juu ya utosi. Ndiyo maana dishi lake hulala chali likitazama mbingu, ilhali la Azam, ambalo setilaiti yake iko digrii 7 mashariki, huinamia magharibi. Anayeyaona kwa mara ya kwanza hudhani moja limepigwa na upepo.

Dishi la chali halizuiwi kwa urahisi na mti wa jirani, isipokuwa tawi lililoning'inia juu yake. Hata hivyo, hukusanya majani, vumbi na kinyesi cha ndege. Lifute kwa kitambaa laini na maji, bila kulisukuma. Linaloelekea magharibi lina adui mwingine, nao ni mkaratusi uliokuwa mche siku dishi lilipofungwa.

Mvua yenyewe si kasoro. Mawimbi haya ni ya kati ya gigahezi 10.7 na 12.75, na matone mazito huyafyonza na kuyatawanya. Dhoruba ikipita na picha ikarejea, usiguse chochote. La kutiliwa shaka ni picha kupotea kwa manyunyu tu. Hapo dishi limesogea kidogo, na ile akiba ya mawimbi ambayo ingelivusha wakati wa mvua imekwisha.

Ndani ya menyu ya king'amuzi mna vipimo viwili, cha nguvu na cha ubora wa mawimbi. Nguvu ikiwa juu na ubora ukiwa sufuri, yaelekea dishi limekosa shabaha. Vyote viwili vikiwa sufuri, shuku waya au kile kichwa kilicho mbele ya dishi ambacho mafundi hukiita LNB. Na ikiwa baadhi ya stesheni zinaonekana na nyingine hazionekani, kumbuka kwamba king'amuzi hupeleka volti 13 au 18 kwenye kichwa hicho ili kuchagua kundi la mawimbi. Waya mbovu unaweza kupitisha volti moja na kuishinda nyingine.

Waya ndio mkosaji wa mara kwa mara. Zima king'amuzi kabla ya kuufungua. Shaba ya katikati ikiwa na kutu ya kijani, maji yamepenya. Kata sehemu hiyo na ufunge kiungo kipya. Viungo vya kusokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe havidumu msimu mmoja.

Kuna pia kisa kinachowatatanisha hata mafundi. Siku chache katika Machi na Septemba, jua hupita nyuma ya setilaiti na kelele yake humeza mawimbi. Kwa setilaiti ya digrii 36, hilo hutokea Bungoma yapata saa sita na nusu mchana, kwa dakika chache tu, anga likiwa jeupe.

Radi zikianza, chomoa waya wa umeme na wa dishi mapema, na asipande mtu kwenye mabati yaliyolowa, hata kama mechi imefika dakika za mwisho.

Likibaki suala la kulielekeza dishi upya, hapo fundi ana haki ya ujira wake, maana kosa la digrii moja au mbili latosha kuiua picha. Kabla hajalegeza parafujo, mwombe achore kwa rangi mahali dishi lilipokuwa, ili apajue pa kurudia.