Kasa, Mpaka na Neno "Kuhama" katika Pwani ya Kusini

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana Afrika ya Mashariki kwa mstari ulioanzia mlangoni mwa mto Umba, karibu na Vanga, ukaelekea Ziwa Jipe. Mstari huo uliwatenga Wadigo wa Kwale na ndugu zao wa upande wa Tanga, kasa haukumzuia. Kasa jike apandaye ufukweni Msambweni au Diani kutaga mayai huweza kuwa na malisho yake katika maji ya nchi nyingine, na baada ya miaka kadhaa hurejea kutaga katika eneo lile lile.

Wavuvi wa zamani walimjua vema. Walimfunga kamba mkiani samaki aitwaye chazo, wakamwachilia ajigandishe katika gamba la kasa, ndipo wakavuta. Ng'amba naye aliwindwa kwa ajili ya magamba yake, bidhaa iliyosafirishwa kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki tangu karne ya kwanza. Zilipozidi nyavu za kisasa, ilidhihirika kwamba serikali moja haiwezi peke yake kumlinda kiumbe wa bahari za wengi.

Ndiyo maana ya Mkataba wa Bonn wa 1979, ulioanza kutumika 1983. Kenya na Tanzania ziliingia humo 1999, na makubaliano mahususi ya kasa wa Bahari ya Hindi yakafuata 2001. Mkataba wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kirusi. Kwa Kiswahili, viumbe unaowahusu huitwa kwa kawaida "wanyama wahamao".

Hapa pana mushkili. Katika lugha yetu, aliyehama ameyaacha makao yake, hangojewi tena. Nahodha aliyekuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi hakusemwa kuwa amehama: alikuwa msafiri. Kasa ni wa namna hiyo. Tukimwita mhamaji, twamwambia mvuvi kwamba mnyama huyu si wake, basi amwahi kabla hajaondoka. Tukimwita msafiri, twamkumbusha kuwa ana kwao, na kwamba kwao ni mchanga huu.

Twapendekeza, basi, istilahi "wanyama wasafiri". Mkataba hutiwa saini na serikali, lakini hutimizwa ufukweni, na huko hauna budi kusema Kiswahili kinachoeleweka Vanga na Tanga sawasawa.