Mtoro na Daftari la Mahudhurio

Watu wengi hudhani kwamba utoro shuleni ni ugonjwa wa watoto wavivu. Historia ya shule zetu za Singida inafundisha vingine.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto wa rika la kusoma awe darasani ifikapo 1977. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya 1978, iliyomlazimu mzazi kumwandikisha mtoto atimizapo miaka 7 na kuhakikisha anahudhuria hadi amalize. Hapo ndipo kazi ya kusaka watoro iliposhika kasi. Mwalimu mkuu aliandika orodha, akaipeleka kwa uongozi wa kijiji. Mgambo wakatumwa nyumba kwa nyumba. Mzazi akatozwa faini au akafikishwa mahakamani. Mtoto naye alipokelewa kwa viboko.

Madarasa yalijaa, lakini kwa wiki moja au mbili tu. Aliyelisoma daftari la mahudhurio kwa makini aliona kuwa utoro ulifuata majira. Uwele na mtama ukianza kukomaa, watoto wako shambani wakiamia ndege, maana kundi la kwelea kwelea huweza kumaliza chakula cha mwaka kwa siku chache. Kiangazi kikikaza, wavulana wamefuata malisho na ng'ombe, wasichana wako kisimani tangu alfajiri. Na mwaka wa njaa, hata aliyefika shuleni alisinzia kabla ya saa nne. Mgambo angemkamata nani hapo?

Michango nayo ilifukuza wengine. Ada ya shule za msingi ilifutwa 1973, ikarudi miaka ya 1980, ikafutwa tena MMEM ilipoanza 2002, watoto wakafurika. Katika miaka hiyo ya 2000, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilileta chakula katika shule za mikoa yenye ukame, Singida ikiwamo. Sufuria la uji likavuta watoto ambao fimbo ilishindwa kuwavuta.

Sisemi sheria haina kazi. Wapo wazazi wanaomwachisha binti masomo kwa tamaa ya ng'ombe wa mahari, na hao wanastahili mkono wa sheria. Lakini sheria haichoti maji wala haifukuzi ndege. Kwa hiyo mwalimu, kabla hajaliandika jina la mtoro katika barua ya mtendaji, na aulize kwanza: mtoto huyu yuko wapi saa hizi, na kazi anayoifanya, asipokuwapo, itafanywa na nani?